Mpwa wako ana kesi ya uhamiaji Marekani na hana wakili: namna ya kupata msaada wa karatasi tu

Simu iliingia saa tatu usiku nikifunga duka. Saa tatu usiku ya Nakuru ni saa sita mchana kule Minnesota wakati wa baridi, na mtoto wa kaka yangu alikuwa kwenye mapumziko ya kazi. "Shangazi, jaji ameniuliza kama nina wakili, nikasema sina. Amenipa tarehe ya kurudi na karatasi yenye majina ya mawakili. Niliyempigia ametaja pesa ambazo hata tukiuza kipande cha shamba la shosho hazifiki." Shosho ni bibi yake.

Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa wakili hapa Nakuru kwa miaka 19, nikipiga chapa hati za kiapo na kuzipeleka kortini, na sasa nina duka la kupiga chapa na kutoa kopi. Nilichokijua usiku ule ni karatasi tu. Naandika kwa ajili ya shangazi, wajomba na kaka wengine walio Nakuru, Kisii, Kakamega au Kisumu ambao siku moja watapokea simu kama ile, kwa sababu kuna kazi kubwa mnayoweza kufanya mkiwa huku, na kuna kazi ambayo hamfai kuigusa.

Kesi ya kuondolewa nchini Marekani husikizwa na jaji wa uhamiaji, ambaye yuko chini ya Wizara ya Sheria ya huko. Sheria yao inampa mtu haki ya kuwa na wakili, lakini bila gharama kwa serikali. Maana yake ni kwamba huyo wakili umtafute na umlipe mwenyewe, au umpate kwa shirika linalosaidia bure. Hapa kwetu mshtakiwa wa mauaji hupewa wakili na korti. Kule, mtu anaweza kusimama peke yake mbele ya jaji huku upande wa pili kuna wakili wa serikali aliyesomea kazi hiyo. Ile karatasi yenye majina aliyopewa mpwa wangu ni orodha rasmi ya watoaji msaada wa bure, na husasishwa kila baada ya miezi mitatu. Apige simu kwa kila jina. Wa tano ndiye aliyetupokea, na hata huyo alisema hawezi kubeba kesi nzima. Alisema, "Naweza kusaidia na hati moja."

Nilipoambiwa hivyo nilivunjika moyo. Sikujua kwamba hiyo hati moja ndiyo ingetuokoa.

Wakili wa hati moja

Wakili anayebeba kesi yote mbele ya jaji wa uhamiaji hujaza fomu inayoitwa EOIR-28. Akishaijaza, yeye ndiye mwakilishi: anasimama kortini, anapokea barua, na hawezi kujitoa bila ruhusa ya jaji. Mawakili wengi wa kusaidia bure huogopa mzigo huo, kwa sababu kesi moja inaweza kuchukua miaka.

Kuanzia tarehe 14 Novemba 2022 kanuni za korti hizo ziliweka njia ya katikati. Wakili anaweza kumsaidia mtu kuandaa hati fulani bila kuibeba kesi. Kwa jaji wa uhamiaji anajaza fomu EOIR-61. Kwa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji anajaza EOIR-60. Anaandika jina lake, anasema amesaidia hati gani, anatia sahihi, na fomu inaambatanishwa na hati hiyo hiyo. Haipelekwi peke yake. Hati ikishapokelewa, kazi yake imekwisha. Kukiwa na hati nyingine, fomu inajazwa upya.

Mpwa wako aelewe vizuri kinachobaki juu yake, kwa maana hapa ndipo watu huumia. Barua za korti zitaendelea kuja kwake, si kwa wakili. Tarehe ya kusikizwa ni yake kuikumbuka. Siku ya kwenda mbele ya jaji atakwenda peke yake. Nilimwambia airudie kwa maneno yake mwenyewe kwenye simu, mara mbili: "Wakili amenisaidia na karatasi hii. Kesi ni yangu."

Mwombe wakili aandike hata ukurasa mmoja unaosema atafanya nini, hatafanya nini, na kama kuna malipo ni kiasi gani. Wakili akisema atakuandikia ila jina lake lisionekane popote, ondokeni. Kanuni zinamtaka ajitambulishe, na anayejificha leo hutampata kesho jaji akiuliza swali.

Sasa nani anaruhusiwa? Wakili mwenye leseni ya jimbo lolote la Marekani, hata kama jimbo hilo si lile mpwa wako anakoishi, kwa sababu sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Kuna pia wawakilishi wasio mawakili walioidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia mashirika yanayotambuliwa. Lakini mwulize ana idhini kamili au ya sehemu, maana mwenye idhini ya sehemu hafanyi kazi za korti hizi. Majina ya walioidhinishwa yako kwenye mtandao wa wizara hiyo, na leseni ya wakili huangaliwa kwa mamlaka ya jimbo lake. Mpwa wangu aliangalia akiwa kwenye basi.

Yule wa kwanza aliyejaza fomu

Kabla ya wakili huyu, mpwa wangu alikuwa amemlipa mtu wa kujaza fomu, mtu wa mtaani anayejulikana na Wakenya wengi pale. Alimjazia I-589, yaani fomu ya kuomba hifadhi, na ikafika kortini. Jambo moja alilifanya vyema: aliipeleka kabla mwaka mmoja haujaisha tangu mpwa wangu aingie Marekani, na muda huo ni wa sheria. Mengine yote yalituumiza.

Nilimwambia anitumie kurasa zote nizisome. Nilizisoma dukani nikiwa nimefunga mlango. Kwenye sehemu ya mahali alikoishi ilikuwa imeandikwa Eldoret. Mtoto huyu hajawahi kuishi Eldoret hata wiki moja. Amezaliwa na kukulia hapa Nakuru, na shule amesomea hapa. Nikatambua kwamba fomu ya mtu mwingine ilichukuliwa ikabadilishwa jina. Kisha nikaangalia Sehemu E, ambapo mtu aliyemwandikia mwombaji anapaswa kuandika jina, anwani na sahihi yake. Ilikuwa tupu.

Sehemu hiyo inamhusu yeyote aliyeiandaa fomu ambaye si mwombaji mwenyewe, mume au mke wake, mzazi wake au mtoto wake. Shangazi hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo hata wewe ndugu, ukikaa ukimjazia mpwa wako fomu nzima, jina lako linapaswa kuonekana pale. Na mwombaji anatia sahihi yake Sehemu D chini ya adhabu ya kusema uongo kwa kiapo. Akikutwa ametoa ombi la uongo akijua, anaweza kufungiwa milele msaada wa uhamiaji. Mpwa wangu alikuwa ametia sahihi bila kusomewa.

Ile hati moja tuliyoomba wakili atusaidie ikawa hii: maelezo ya mpwa wangu ya kusahihisha fomu, pamoja na kurasa zilizorekebishwa. Wakili alimhoji saa mbili. Hakuandika chochote ambacho hakusema. Aliandika wazi nani alijaza fomu ya kwanza, kwamba haikusomwa kwa lugha anayoielewa vizuri, na ni mistari ipi si kweli. Marekebisho yapelekwe mapema, kabla jaji au wakili wa serikali hajauliza. Ukisubiri uulizwe, inaonekana umekamatwa.

Ombi la hifadhi lilikuwa bure zamani. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 2025 iliweka ada ya dola 100. Mwulize wakili juu ya ada na risiti, usimwachie mtu wa mtaani akukusanyie.

Kazi yetu sisi wa nyumbani: tarehe

Hapa nitakaa kidogo.

Wakili alihitaji ushahidi kutoka Nakuru: kiapo cha shosho, nambari ya OB (kitabu cha matukio) ya kituo cha polisi na nakala ya P3, fomu ya polisi ya majeraha, iliyojazwa na daktari, cheti cha kuzaliwa, na meseji ambazo mpwa wangu alitumiwa. Yaliyompata siyaandiki, ni yake kuyasema mbele ya jaji.

Mimi ndiye niliyepiga chapa kiapo cha shosho. Nikaandika tarehe kama tunavyoandika sote: 04/07, yaani tarehe nne mwezi wa saba. Wakili akanipigia. Kwenye fomu ya mpwa wangu tukio lilikuwa 07/04, na kwenye kiapo 04/07. Wamarekani hutanguliza mwezi. Kwa macho ya jaji, mpwa wangu anasema Julai na bibi yake anasema Aprili, na kosa lilikuwa la kidole changu mimi. Tangu sheria yao ya mwaka 2005, jaji anaruhusiwa kupima ukweli wa mtu kwa tofauti yoyote kati ya maneno na hati, hata ile isiyogusa kiini cha ombi. Nilikaa nikiangalia kile kiapo nikatetemeka.

Tangu siku hiyo mwezi nauandika kwa herufi kila mahali: 4 Julai, basi. Kwenye hati ya Kiingereza pia, mwezi kwa neno. Kabla ya kupiga chapa kitu chochote, chukua karatasi moja, andika orodha ya matukio kwa mpangilio, kila moja na tarehe na hati inayolithibitisha. Kama mtu hakumbuki siku, aseme hakumbuki: "mwanzoni mwa mwezi, wiki ya mazishi ya jirani." Usimtafutie tarehe ili karatasi ipendeze.

Majina nayo. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na herufi moja tofauti na pasipoti. Hatukurekebisha kwa wino. Tuliliweka wazi kwenye maelezo.

Shosho na kidole gumba

Shosho hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Zamani ofisini tungempigia chapa hati ya Kiingereza, aweke kidole, twende kwa kamishna wa viapo. Kwa kesi hii haitoshi. Shahidi asiyejua Kiingereza akitia sahihi hati ya Kiingereza, lazima kuwe na cheti cha mkalimani kinachosema kwamba hati ilisomwa kwake kwa lugha anayoielewa na kwamba aliielewa kabla ya kutia sahihi, na kwamba mkalimani anazimudu lugha zote mbili.

Nilimsomea aya kwa aya, kwa Kikuyu, akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na miwani mikononi. Kwenye aya ya sita akanisimamisha. "Hapana. Sikuona walipomchukua. Nilisikia kelele, nikatoka, wakawa wameshaenda." Mimi nilikuwa nimeandika "niliona", kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukisimulia nyumbani miaka hii yote. Nikafuta, nikaandika alichosema, nikachapisha upya. Usomaji ule wa polepole, shahidi akiwa na ruhusa ya kukukatiza, ndiyo kazi yenyewe.

Usitumie kiapo cha mfano kilichohifadhiwa kwenye kompyuta. Ukipeleka viapo vya watu watatu vyenye sentensi zile zile, wakili wa serikali ataona ni mkono mmoja, na ukweli wa wote watatu utatiliwa shaka. Shosho azungumze kama shosho, jirani kama jirani.

Na shahidi asipofika kwa kamishna wa viapo kwa sababu ya umri au umbali, sheria ya Marekani inakubali maelezo yasiyoapishwa, mradi yawe na tarehe, sahihi, na maneno kwamba ni kweli chini ya adhabu ya uongo kwa sheria za Marekani. Maneno kamili mwombe wakili, usiyabuni.

Tafsiri

Karibu hati zetu zote za serikali ziko kwa Kiingereza, hilo ni bahati. Meseji haziko. Kila kilichoandikwa kwa Kiswahili, Sheng au lugha ya nyumbani kinapelekwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na cheti cha mfasiri kilichopigwa chapa: kwamba anaimudu lugha hiyo, kwamba tafsiri ni ya kweli na sahihi kadiri ya uwezo wake, sahihi yake, anwani na nambari ya simu. Kama cheti kimoja kinafunika hati kadhaa, zitajwe zote. Mkalimani wa kusema kortini huletwa na korti. Tafsiri ya karatasi ni jukumu lako.

Hakuna sharti kwamba mfasiri awe amesajiliwa. Lakini mpwa wangu asijifasirie, na afadhali asiwe mtu wa familia ya karibu. Tulimpata mwalimu mstaafu wa Kiingereza hapa mtaa wa Section 58.

Meseji moja ilisema, "Utajua hujui." Ukiifasiri neno kwa neno inakuwa kitendawili. Ukiandika "tutakuua" umeongeza. Mwalimu aliandika neno kwa neno, halafu chini yake maelezo mafupi kwamba kwa wasemaji wa Kenya hayo ni maneno ya kutishia mtu kwamba atapata cha kumfunza. Wakili aliridhika. Mpwa wangu alitaka iandikwe kwa ukali zaidi, nikamkatalia. Jaji anaweza kumwita mkalimani wake aisome pale pale.

Kutuma na kupeleka

Usipige picha ya hati na kuituma kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa, na muhuri wa polisi unakuwa doa. Iskani, uitume kama dokumenti, au kwa barua pepe. Asili itunzwe vizuri. Korti hupokea nakala, lakini asili ziwepo siku ya kusikizwa zikihitajika, kwa hiyo zilizo muhimu zitumwe kwa kampuni ya vifurushi mapema, kila moja ikiwa na kopi iliyobaki kwako.

Karatasi zetu ni A4. Zao ni fupi kidogo na pana kidogo, na korti yao inataka ukubwa huo wa kwao. Ukiskani ukurasa uliojaa maandishi hadi chini, akichapisha kule mstari wa mwisho unaweza kukatika, na mstari wa mwisho mara nyingi ndio wenye sahihi na muhuri. Acha nafasi ya kutosha chini na juu. Juu kwa sababu huko wanatoboa matundu mawili.

Mpwa wako apange hivi: kurasa zimepigwa upande mmoja tu, nambari zinafuatana kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, orodha ya yaliyomo mbele, kila ushahidi na herufi yake, jina lake na nambari yake ya A (nambari ya faili lake la uhamiaji) kwenye ukurasa wa juu. Seti tatu: moja ya korti, moja ya wakili wa serikali, moja yake. Karatasi inayothibitisha kwamba wakili wa serikali amepelekewa nakala, na tarehe, iambatanishwe. Hati isiyo na uthibitisho huo inaweza kurudishwa. EOIR-61 iwe pamoja na hati ambayo wakili alisaidia, si chini ya rundo lote.

Siku ya mwisho huhesabiwa kwa siku korti inapopokea, si siku uliyotia kwenye posta. Jaji akiweka tarehe yake, hiyo ndiyo. Sisi tuliweka yetu wiki mbili kabla, na theluji ikafunga barabara siku tatu.

Akihama nyumba, ana siku tano kuijulisha korti kwa fomu EOIR-33. Kuijulisha posta au mwajiri si kuijulisha korti. Barua ikienda anwani ya zamani na asifike siku yake, jaji anaweza kutoa amri ya kuondolewa bila yeye kuwepo. Kila Jumatatu mpwa wangu huangalia tarehe yake kwenye mtandao wa korti au kwa simu 1-800-898-7180 akiwa na nambari ya A, kisha ananiandikia neno moja: "Haijabadilika."

Juzi aliandika zaidi ya neno moja. Amepata barua ya daktari aliyemtibu hapa, na anataka kuipeleka kortini pamoja na maelezo mapya. Nimemwambia ampigie wakili kwanza, waone kama atasaidia na hati hii ya pili, na kama atasaidia, EOIR-61 ni nyingine mpya. Mwalimu wa Section 58 naye nimeshamwambia asizime simu yake, maana nambari yake iko kwenye cheti.